Musi njiani na theluji mgongoni: je, tulikosea kusubiri?

SWALI: Kaka, sisi ni kikundi cha watu saba, Watanzania na Wakongo, tunaishi Aurora, Colorado. Jumamosi moja katikati ya Oktoba tulikwenda hifadhi ya Rocky Mountain, tukapanda kutoka Bear Lake hadi Emerald Lake. Tulianza saa tano asubuhi, jua linawaka, wengine tumevaa jinzi na fulana. Tulipofika juu mawingu yakashuka, upepo ukaanza, kisha theluji. Tukageuza. Kabla ya kufika Nymph Lake tukamkuta musi dume (moose, yule kulungu mkubwa wa huku) amesimama katikati ya njia anakula vichaka, hana habari na sisi. Vijana wakataka kumtimua kwa mawe, mimi nikakataa. Tulisimama pale karibu nusu saa. Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, akaanza kutetemeka hadi meno yanagongana. Mwishowe mnyama akajiondokea. Huku nyumbani mabishano hayajaisha: tulikosea kusubiri? Na Novemba wanataka turudi. Twende?

JIBU: Dada yangu, pole, na mpe pole mtoto. Ulifanya vyema kuzuia yale mawe, na kama hao vijana bado wanakubishia waonyeshe jibu hili. Kusubiri nako hakukuwa kosa. Tatizo ni kwamba mlisubiri mkiwa mmesimama wima, mmevaa pamba iliyolowa, upepo unawapiga, na mtoto yuko katikati. Mnyama mkubwa akiziba njia dawa yake ni muda, na mlimani muda unaulipia kwa joto la mwili. Nyinyi mlifika mbele ya musi akiba hiyo ikiwa imeshakwisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu nguo na saa kuliko mnyama mwenyewe.

Lakini tuanze na yeye, maana ndiye mnayembishania.

Musi wa Colorado ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila ukubwa wake ni wa farasi na zaidi. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 450. Zamani walikuwa adimu sana katika jimbo hilo. Mwaka 1978 idara ya wanyamapori ya jimbo ilianza kuwaleta kutoka Utah na Wyoming na kuwaachia eneo la North Park, nao wakazaana na kusambaa. Kwa miaka mingi ndani ya hifadhi walijulikana zaidi upande wa magharibi, bonde la Kawuneeche, lakini siku hizi upande wa mashariki nako unawakuta, hasa penye maji na mierebi, na hapo ndipo njia yenu inapopita. Kwa hiyo kumkuta karibu na Nymph Lake si ajabu hata kidogo.

Mlimkuta wakati mbaya lakini. Kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ni msimu wao wa kupandana. Dume wa kipindi hicho hana subira, halali vizuri, na akili yake iko kwa majike na kwa madume wenzake. Anakula kwa utulivu hivi, dakika moja baadaye amekujia. Watu wengi wa kwetu tuna mazoea ya kufukuza ngedere na nyani kwa kokoto, na inafaa, kwa sababu ngedere anakimbia. Musi hana desturi ya kukimbia. Adui wake wa asili ni mbwa mwitu, na mbwa mwitu ukimkimbia unampa faida, kwa hiyo musi amezoea kusimama na kupiga kwa kwato za mbele. Jiwe lako kwake ni shambulio. Na mbali na hatari, kumsumbua mnyama ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa la kisheria. Faini ipo.

Dalili zake zijueni, na wafundisheni watoto pia. Masikio yakilala nyuma, manyoya ya shingoni na nunduni yakisimama, akianza kujilamba midomo, akiacha kula na kukukazia macho, au akianza kukujia taratibu kichwa kimeinama, basi umeshakuwa karibu mno na ulipaswa kuondoka kitambo. Kanuni ya hifadhi hiyo ni mita 36 kwa musi na dubu, yaani urefu wa mabasi matatu, na mita 23 kwa elki, kulungu wengine wakubwa, na kondoo wa mlimani. Binafsi kwa musi dume wa Oktoba naongeza. Kama unaweza kumpiga picha nzuri kwa simu bila kuivuta, uko karibu mno.

Akija kweli, kimbia. Hili linawachanganya watu kwa sababu wamesikia kila mahali kwamba mbele ya mnyama usikimbie. Kwa dubu na puma, yule paka mkubwa wa milimani, ni kweli kabisa, kwa sababu kinachokimbia kinawaamshia hamu ya kukifukuza. Musi hataki kukula, anataka uondoke mbele yake, ukimpa nafasi mara nyingi anaishia hapo. Huwezi kumshinda mbio, anafika kilomita 56 kwa saa, ila huna haja ya kumshinda: tafuta mti mnene au jiwe kubwa, uliweke kati yako na yeye, na akizunguka nawe uzunguke. Akikuangusha, jikunje, funika kichwa na shingo, begi libaki mgongoni, tulia mpaka aondoke kabisa. Anayeinuka mapema anapigwa tena.

Sasa turudi kwenye ile nusu saa yenu, maana hapo ndipo pa kujifunza.

Mlipomwona, kitu cha kwanza kilikuwa kurudi nyuma, kupanda njia mliyotoka hadi kwenye kona ambako hamuoni na yeye hawaoni. Watu saba waliojipanga njiani wanamkodolea macho ni sababu tosha ya mnyama kubaki palepale akiwalinda. Mkipotea machoni pake anarudi kwenye shughuli zake, na mara nyingi shughuli hizo zinamtoa njiani. Pili, kwenye hiyo kona mngetafuta upande usio na upepo, nyuma ya mwamba au kundi la misonobari. Tatu, kila mtu angefungua begi na kuvaa kila alicho nacho kabla hajasikia baridi. Nne, mngemshughulikia mtoto kabla ya kujishughulikia nyinyi. Tano, miguu isingetulia: tembeeni hatua kumi huku, kumi kule, chuchumaeni mkiinuka, imbeni. Kuimba kunafaa mara mbili, kunapasha mwili na kunamjulisha mnyama mwingine yeyote kwamba mpo. Kila dakika kumi mtu mzima mmoja anakwenda kuchungulia kona.

Je, mngeweza kumzunguka? Panapo tambarare na msitu wenye miti mikubwa, ndiyo, kwa mduara mpana, mkipita upande wa juu, mkiacha miti kati yenu na yeye, na bila kumfungia njia yake ya kutokea au kwenda majini. Kati ya Dream Lake, ziwa linalofuata kwa juu, na Nymph Lake sikushauri. Kuna mteremko mkali na miamba, ikishaloa theluji mtu anateleza, na kwa mawingu yale mngeweza kuacha njia na msiione tena. Kwa mahali pale, kusubiri ndiko kulikuwa sahihi, ila kusubiri kwa watu waliovaa.

Na hapa ndipo hesabu ya baridi inapoingia. Aurora iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,650. Bear Lake ni mita 2,880, na Emerald Lake ni zaidi kidogo ya 3,000. Hewa inapoa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake mkiondoka nyumbani kuna nyuzi 18 na watu wanakunywa soda barazani, kule ziwani ni karibu nyuzi 9 hata kabla hali haijachafuka. Mawingu yakifunika jua na hewa ya kaskazini ikiingia, nyuzi 9 zinakuwa sifuri ndani ya saa moja au mbili. Halafu upepo. Unajua tunavyopuliza chai kwenye kisahani ili ipoe upesi. Upepo wa mlimani unaufanyia mwili wako hivyohivyo. Nyuzi sifuri na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi inahisi takriban nyuzi 8 chini ya sifuri. Kipimo cha simu yako kitakuwa kinasema sifuri tu.

Juu ya hayo weka maji. Maji yanachukua joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Jinzi ikilowa haikauki mlimani, inakaa inakunyonya. Fulana ya pamba iliyolowa jasho la kupanda inakupoza hata kabla theluji haijaanguka. Kanga na kitenge ni pamba pia, kwa hiyo kujifunga kanga mabegani kunafariji kidogo tu na ikilowa inageuka mzigo. Ndiyo maana watu wengi wanaozidiwa na baridi milimani hawazidiwi kwenye barafu kali ya Januari, wakati kila mtu amejifunika. Wanazidiwa siku za nyuzi kati ya sifuri na 10, mvua imechanganyika na theluji, na mtu alitoka nyumbani amevaa kwa ajili ya jua.

Colorado inajulikana kwa vituko hivyo. Mwaka 2020, tarehe 5 Septemba, Denver ilifika nyuzi 38. Tarehe 7 ilikuwa karibu nyuzi 34. Tarehe 8 theluji ikaanguka. Hiyo ni mjini, siyo mlimani, na ni Septemba. Kwa hiyo mtu akikuambia theluji ya Oktoba iliwashtukiza, mwambie iliwashtukiza nyinyi. Watabiri walikuwa wameiona.

Kuhusu mtoto: kutetemeka hadi meno kugongana ni mwili unapambana, bado una nguvu. Cha kuogopa ni kinachofuata. Mtu anaanza kuongea kwa kuvuta maneno, vidole vinashindwa kufunga zipu, anajikwaa pasipo na kitu, anakuwa mkali au mkimya bila sababu, anasema hataki koti. Halafu kutetemeka kunakoma wakati hajapashwa joto. Ukiona hapo, usifurahi kwamba amepata nafuu. Hiyo ni dharura, joto la ndani limeshashuka chini ya nyuzi 35 na linaendelea. Watoto wanafika huko haraka kuliko sisi kwa sababu miili yao ni midogo na hawasemi mapema, wanaogopa kuonekana wanaharibu safari.

Kwenye hatua ya kutetemeka, hivi ndivyo inavyotakiwa. Vua kitu kilicholowa kilichogusa ngozi, hata kama kuvua kwenyewe kunatia baridi. Weka kikavu palepale, kwenye ngozi, kisha sweta, kisha kitu cha kuzuia upepo. Huna koti la mvua? Mfuko mkubwa mweusi wa taka, toboa tundu la kichwa na mikono, mvalishe; mimi sipandi bila miwili begini. Kofia ya sufu kichwani. Mpe kitu kitamu, tende, kashata, chokoleti, na chai ya moto yenye sukari kama mnayo, ikiwa anameza vizuri. Kisha atembee, katikati ya watu wazima wawili. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu, na kinywaji kikali ni marufuku kwa yeyote, kinafungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto nje. Akishafika ile hatua ya kuacha kutetemeka, hatembei tena: mlazeni juu ya mabegi, siyo ardhini, mfunikeni, mkumbatieni kwa upole, na mtu apige 911.

Nimeanza kazi hii upande wa Meru na Kilimanjaro kabla ya kuja huku, na kuna jambo naliona kwa wenzetu wengi wanaohamia Marekani. Kwetu, mlima mkubwa una mwenyewe. Kilimanjaro hupandi bila kiongozi, ni sheria. Meru unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kuna mtu anayetazama mawingu kwa niaba yako, anayejua nani amechoka, na akisema tunageuza, mnageuza, hata kama ulilipa dola kiasi gani. Rocky Mountain unafika kwenye maegesho na kuanza kutembea, basi. Hakuna anayewahesabu mnapokwenda wala mnaporudi. Njia imetengenezwa vizuri, kuna vibao, kuna familia na vikongwe wanapita, na usalama wote huo wa kuonekana unamfanya mtu asahau kwamba kazi ya yule kiongozi wa Marangu haijafutwa. Imehamia kwake.

Kwa hiyo chagueni mmoja wenu. Si lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Awe mwenye roho ya kusema hapana mbele ya watu. Kazi yake ianze jana yake jioni kwa kusoma utabiri. Usisome utabiri wa Aurora, wala wa mji wa Estes Park, kwa sababu huo ni wa bondeni. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, kwenye weather.gov, ina ramani ambayo ukibonyeza mahali unapokwenda inakupa utabiri wa kipande hicho na kimo chake. Angalia upepo na saa ambayo mvua au theluji inaanza, kuliko kuangalia picha ya jua. Kumbuka wao wanatumia Farenhaiti: 32 ni sifuri yetu, 50 ni nyuzi 10.

Kisha saa ya kugeuza, iliyopangwa mkiwa bado kwenye gari. Mlianza saa tano asubuhi, dada, na hapo ndipo safari yenu ilipoharibika. Njia ya Emerald ni fupi, kama kilomita 6 kwenda na kurudi, lakini watu saba na mtoto, na picha, na kukaa kula, mnafika ziwani saa nane. Mchana ndio wakati milima ile inapenda kuchafuka. Mngeanza saa mbili asubuhi, na mkasema saa sita kamili popote tulipo tunageuza, theluji ingewakuta mnakunywa chai Estes Park. Musi huenda mngemkuta bado, ila mngemkuta mkiwa wakavu. Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliokulia karibu na Ikweta hatulijui mwilini: kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, huna haja ya kufikiri. Kule katikati ya Oktoba linazama karibu na muda huohuo, ila kila wiki linawahi, na baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, ghafla jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Na kwenye lile bonde chini ya Hallett Peak, kilele kilicho juu ya Emerald Lake, linapotea nyuma ya mlima mapema zaidi. Tochi ya kichwani kwa kila mtu, siyo ya simu. Simu kwenye baridi betri yake inashuka kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili.

Wanyama wengine nitawapitia haraka, kwa sababu kwa kikundi chenu si tatizo kubwa kama mnavyodhani.

Elki ndio mtakaowaona wengi, kwenye mbuga za Moraine Park na Horseshoe Park. Nao wanapandana kipindi kilekile, Septemba na Oktoba, na ile sauti ya dume, mluzi mrefu unaoanza chini na kuishia kwa ukelele mwembamba, mtu wa mara ya kwanza anaweza kufikiri kuna mwanamke anaita msaada. Watu wanajazana barabarani kuwasikiliza na ni raha kweli, nendeni. Ila elki amezoea watu, anatembea kati ya magari Estes Park, na kuzoea huko ndiko kunakodanganya. Kila mwaka kuna mtu anasogea apige naye picha. Katika msimu huo hifadhi inafunga mbuga hizo kwa watembea kwa miguu kuanzia jioni hadi asubuhi, kwa hiyo bakini barabarani na mtazame mkiwa hapo. Jambo linalonishangaza ni kwamba wenzetu wanaulizia dubu usiku na mchana, halafu wanamsogelea elki kwa sababu ana sura ya ng'ombe.

Dubu wa Colorado ni dubu mweusi peke yake, ingawa rangi yake inaweza kuwa kahawia. Wale wakubwa wa jamii ya grizli hawapo. Wa mwisho kujulikana aliuawa mwaka 1979, kusini mwa jimbo. Oktoba dubu mweusi anajinenepesha kwa ajili ya kulala majira ya baridi, anaweza kula kwa saa 20 kwa siku. Anachotaka ni chakula chenu. Sufuria la pilau, samaki wa kukaanga, hata mfuko wenye harufu ya maandazi, msiache wazi mezani, na nyumba ya kupanga yenye takataka nje ni mwaliko. Dubu wa huko wanajua kufungua mlango wa gari usiofungwa kwa ufunguo. Mkikutana naye njiani, simameni pamoja, ongeeni kwa sauti tulivu, rudini nyuma taratibu, msikimbie. Akishambulia kweli, jambo ambalo ni nadra, pigana naye, usijifanye mfu.

Puma huenda msimwone maisha yenu yote, yeye atakuwa amewaona. Akitokea, mtazameni usoni, jifanyeni wakubwa, mwinueni mtoto bila kuinama sana, rudini nyuma. Huyo ndiye unayeweza kumrushia mawe akisogea. Watoto wasitangulie mbele wala kubaki nyuma peke yao, hasa alfajiri na magharibi. Basi.

Angalizo moja kama siku nyingine mtatoka nje ya hifadhi na kutembea kwenye misitu ya taifa inayoizunguka: Oktoba na Novemba ni msimu wa kuwinda kwa bunduki huko. Vaeni fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, inauzwa dola chache. Ndani ya hifadhi uwindaji hauruhusiwi.

Nguo. Najua bei za maduka ya mlimani zinatisha, na wauzaji wake wanaongea utadhani unakwenda Everest. Nendeni maduka ya mitumba, Denver na Aurora yamejaa. Tafuteni sweta za sufu, majaketi ya flisi, suruali za michezo za nailoni au poliesta, soksi za sufu. Mnachotafuta ni tabaka tatu: la ngozini lisilo pamba, la katikati la joto, la juu la kuzuia upepo na maji. Lile jaketi nono la manyoya ya bata ni zuri sana likiwa kavu, likilowa linasinyaa na halina kazi, kwa hiyo lifunikwe. Pandeni mkiwa mnasikia baridi kidogo. Mkianza kutoka jasho vueni tabaka moja, kwa sababu jasho la saa tano ndilo linalokutetemesha saa tisa. Begini kila mtu awe na glavu, kofia na soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, hata kama asubuhi ni jua la Dodoma. Vijana watalalamika kuhusu uzito. Waache walalamike.

Novemba, basi. Jibu langu ni nendeni, lakini si safari ileile. Msimu wa kupandana utakuwa umepita, musi atakuwa ametulia zaidi ingawa mita 36 hazibadiliki. Njia itakuwa theluji iliyokanyagwa hadi ikawa barafu, na bila vile vyuma vyenye meno vinavyovalishwa juu ya viatu mtateleza tangu hatua ya kwanza. Kuanzia hapo pia kuna suala la maporomoko ya theluji, ambayo kwa kawaida yanatokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mabonde ya juu ya njia ya Emerald yamezungukwa na miteremko ya namna hiyo. Kituo cha jimbo cha kutabiri maporomoko, CAIC, kinatoa taarifa kila siku, ila kusoma taarifa hiyo na kuitumia ni elimu inayotaka kozi. Mkiwa na mtoto, zungukeni Sprague Lake, ni tambarare, haifiki kilomita mbili, au zungukeni Bear Lake yenyewe. Barabara ya Bear Lake inasafishwa theluji majira ya baridi, wakati ile ya Trail Ridge kwa kawaida inafungwa Oktoba hadi mwishoni mwa Mei, kwa hiyo msiipange. Matairi yakaguliwe kabla. Na msitembee juu ya ziwa mwezi huo, hata mkiona nyayo za mtu mwingine. Barafu ya Novemba haina unene wa kuaminika.

Mwisho, jambo ambalo hukuliuliza ila najua linawazuia wengi wetu kupiga simu. Watu wanaogopa bili. Timu za utafutaji na uokoaji milimani Colorado ni za watu wa kujitolea, hazitozi anayeokolewa, na askari wa hifadhi nao hawatozi kwa kuja kukutafuta. Gari la wagonjwa, helikopta ya hospitali na matibabu ni hesabu nyingine, hizo zina bili. Lakini kuomba mtu aje awatoe mlimani hakuna deni. Jimbo linauza kadi ya COSAR kwa bei ndogo, si bima, ni mchango unaosaidia kurudishia timu hizo gharama. Nunueni, ni heshima. Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu aliyebaki Aurora jina la njia, namba ya gari na saa mtakayorudi, na mwambieni saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Hapo juu mtandao unakatika. Simu mpya kadhaa zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, iPhone kuanzia ile ya 14 zinaweza, na huduma hiyo ijaribuni nyumbani kwa lile jaribio la mfano (demo) lililomo ndani ya simu, vidole vikiwa bado vina joto.